Mitishamba na Jinsia Jijini Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali tunayoletewa na wanafunzi, wazazi, wanunuzi wa sokoni na mara nyingine waganga wenyewe. Majibu hayana urefu mmoja. Swali lenye mambo mengi limepewa nafasi, lisilo nayo limejibiwa likaachwa.

Mitishamba ni kazi ya wanawake au ya wanaume?

Ya wote, ila si katika hatua ile ile. Dawa ya mti ina kazi tatu: kuujua mti ulipo, kuuchuma bila kuuua, na kuutayarisha mpaka umfikie mgonjwa kwa kipimo kinachomfaa. Mzee aliyechunga ng'ombe tangu utotoni anaijua miti ya nyikani na magome yake kwa sababu miguu yake ilipita huko. Mama aliyelima, akateka maji na kuokota kuni anayajua magugu ya shambani, majani ya ukingo wa mto na vichaka vya nyuma ya nyumba. Kazi ya tatu ni ya jikoni, na kwa nyumba nyingi jikoni ni kwa mwanamke. Yeye ndiye anayejua maji yachemke hadi yabaki kiasi gani, dawa ipi ikiguswa na moto inaharibika, ipi inywewe na maziwa na ipi isinyweshwe mtoto kamwe.

Sasa uliza nyumba yoyote, "Dawa hii ni ya nani?" Utatajiwa aliyeileta. Aliyeipika hatajwi. Karibu kila jibu lililo hapa chini linarudi kwenye pengo hilo.

Basi nani anajua zaidi?

Inategemea mgonjwa ni nani. Kwa mifugo, majeraha na maumivu ya mgongo, mara nyingi utaelekezwa kwa mwanamume. Kwa kikohozi cha mtoto, minyoo, upele, tumbo la kuendesha na maziwa ya mama yaliyopungua, utaelekezwa kwa mwanamke, na si lazima awe mganga. Wapo wanawake mabingwa wa mifupa na wapo wanaume wanaosifika kwa dawa za watoto. Huu ni mgawanyo wa mazoea, haukuandikwa popote.

Kuna utafiti wa Bondo uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu mimea inayotumiwa na kina mama wa Kiluo na watoto wao. Tunawashauri wanafunzi wautafute, kwa sababu uliwauliza watu ambao kwa kawaida hawaulizwi. Mtafiti akifika kijijini hupelekwa kwa mzee mwenye mkoba wa dawa. Hawa walikwenda kwa mama na kwa mtoto wa shule, wakakuta maarifa tele.

Mbona waganga wenye majina makubwa ni wanaume?

Jina hufuata ubao wa matangazo, na ubao hufuata pesa. Tembea kutoka Muthurwa ushike barabara ya Jogoo, usome karatasi zilizobandikwa kwenye nguzo za stima: mganga kutoka Kitui, mganga kutoka Tanga, anarudisha mpenzi, anasafisha nyota, anashinda kesi. Hutakuta karatasi inayosema mama wa mlango wa tatu anajua dawa ya kikohozi, ingawa mama huyo yuko karibu katika kila ploti, yaani kila ua wa vyumba vya kupanga, ya jiji hili.

Mfano ambao Nairobi haitausahau ni wa Loliondo. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kwa jina la Babu, aliwapa watu kikombe kimoja cha dawa katika kijiji cha Samunge nchini Tanzania kwa shilingi 500 za huko. Matatu na ndege ndogo zilitoka Nairobi kwenda, na foleni ya magari ilichukua siku. Mti wenyewe, mugariga, ni wa jamii ya Carissa. Wakikuyu na Wakamba huuita mukawa, Wamaasai olamuriaki, na mizizi yake ilikuwa ikichemshwa majumbani tangu zamani, ikatiwa kwenye supu bila foleni wala kamera. Kichaka ni kile kile. Kilichobadilika ni mwenye sufuria: mzee, mchungaji, mwenye ndoto aliyosema ameoteshwa na Mungu. (Hakuna ushahidi kwamba kikombe kile kiliponya UKIMWI au kisukari, na aliyeacha dawa zake za hospitali kwa ajili yake alijitia hatarini. Hili bado linaulizwa, ndiyo maana tumelisema.)

Si kwamba wanawake hawakuwahi kuwa na jina. Syokimau, yule mwanamke wa Kikamba anayekumbukwa kwa kutabiri nyoka mrefu atakayetoka baharini kabla ya reli kujengwa, jina lake liko kwenye mtaa na kwenye stesheni. Wanaoshuka hapo asubuhi na jioni wanamtaja bila kumfikiria. Lakini hata yeye anakumbukwa kwa utabiri. Mikono ya dawa haisahaulishwi kwa makusudi, haihesabiwi tu.

Nairobi ni lami na mawe. Maarifa ya mitishamba yanaishi wapi hapa?

Yanaishi sokoni, kwenye ploti na kwenye misitu michache iliyonusurika.

Anza na soko. Magunia huingia kutoka Kajiado, Narok, Ukambani, Mbeere na Magharibi, yakagawanywa Gikomba, Kariokor, Muthurwa na Kawangware. Tazama meza moja ya Kariokor kwa karibu. Magome ya muthiga yamekatwa urefu wa kidole na kufungwa kwa kamba ya katani. Unga wa mizizi uko kwenye mikebe ya Kimbo iliyofutwa maandishi kwa kushikwashikwa. Chupa za plastiki za lita moja zimejaa maji meusi yenye povu kidogo juu. Mama muuzaji hana mizani wala lebo. Mzigo mpya ukifika anamega kipande cha muthiga, anatafuna, ananyamaza. Muthiga halisi hauwaki ulimini papo hapo. Ukali wake hukawia, halafu hupanda kooni kama pilipili. Usipopanda, gunia linarudishwa. Huo ni upimaji wa ubora, na hakuna cheti kinachoutambua.

Kwenye ploti mambo ni tofauti kidogo, na kwetu sisi hapo ndipo pana utajiri ambao watafiti wengi wanaupita. Kijijini Mkamba alijifunza kwa Mkamba, Mluhya kwa Mluhya. Mathare au Kawangware milango inatazamana, mabati ni membamba, mtoto akikohoa usiku wanasikia nyumba nne. Asubuhi mama wa Kitui anagongewa na jirani kutoka Vihiga mwenye majani mkononi. Baada ya mwaka mmoja mama huyo wa Kitui anajua dawa tatu za Kiluhya na moja ya Kisomali, na majina yake anayataja kwa lugha za wenyewe. Wanaume wa ploti hiyo hiyo hawabadilishani hivyo, kwa sababu mchana hawapo na usiku hawashiki mtoto mgonjwa. Wakiulizwa na mtafiti, watasema dawa zao ni za kabila lao tu. Wake zao wana orodha nyingine.

Misitu iko. Karura ina takriban hekta 1,041, na muthiga unaota humo. Isingekuwa Wangari Maathai na wenzake waliosimama mbele ya vijana wenye marungu mwaka 1999, leo pangekuwa nyumba za kifahari. Lakini usiende Karura na panga. Kuchuna gome bila kibali ni kosa. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inaruhusu vyama vya jamii zinazopakana na msitu kupewa haki ya kuchuma dawa kwa makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu, na hiyo ndiyo njia.

Wauzaji wengi mjini ni Wamaasai. Je, wanawake na wanaume wa Kimaasai wanajua dawa zile zile?

Zinakutana nusu. Vijana wa kimorani hujifunza kwenye orpul, kambi ya nyama iliyo mbali na boma, ambako ng'ombe huchinjwa na supu hupikwa na magome na mizizi: olkiloriti, osokonoi (ndiyo ile muthiga ya Wakikuyu) na mingineyo. Kwa desturi nyama ya morani haitakiwi kuonwa na mwanamke aliyeolewa, kwa hiyo jiko la orpul ni la wanaume na darasa lake ni la wanaume. Mwanamke anajifunzia bomani, kwa mama mkwe na kwa wazee wa kike, dawa za watoto, za waja wazito na za vibuyu vya maziwa.

Kituko cha mjini ni kwamba dawa za orpul sasa ziko mezani Kariokor mbele ya mama wa Kimaasai, naye anaziuza kwa mwanamume wa Kikuyu anayekwenda kuzitia kwenye supu ya mifupa. Aliyekatazwa kuiona nyama ndiye leo anayeelekeza supu ipikwe vipi. Pesa imevunja mwiko huo taratibu, na hatujasikia aliyelalamika.

Mursik, njahi na thabai ni chakula. Kwa nini mnavihesabu kama maarifa ya dawa?

Kwa sababu sehemu kubwa ya dawa za wanawake imejificha ndani ya chakula.

Mursik wa Wakalenjin hutengenezwa na wanawake. Kijiti cha mti wa senetwet huchomwa hadi kiwe kaa, kaa hilo husagwa kwa kusuguliwa ndani ya kibuyu, kisha maziwa humiminwa na kuachwa yachache. Ndiyo maana yana madoa ya buluu-kijivu. Senetwet wenyewe ni dawa kali ya tumbo, na ukizidi ni sumu, kwa hiyo anayejua kaa liwe kiasi gani anajua kipimo. Mwanariadha akitua uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na medali hupewa kibuyu mbele ya kamera. Mwenye kibuyu huonekana mkono tu.

Njahi, yale maharagwe meusi, hupikiwa mama aliyejifungua ili maziwa yatoke. Thabai, ule mmea unaowasha, huchumwa kwa ncha za vidole vya mtu mwenye uzoefu, ukachemshwa ukaisha makali na kupondwa kwenye mukimo. Mboga za managu na saga hupewa mtu aliyepungukiwa damu. Ukitembea na fomu inayouliza "Unatumia dawa gani za kienyeji?" mama atakujibu hatumii. Muulize anampikia nini binti aliyetoka kujifungua, umpe na muda.

Ni kweli mwanamke akiwa hedhini asiguse dawa?

Ni mwiko unaotajwa na waganga wengi wa jamii mbalimbali. Hauna msingi wa kitabibu, mti hauharibiki. Ila una matokeo: mwanamke wa umri wa kuzaa hutuma mtoto wa kiume amchumie, na mwanamke aliyekoma hedhi anapata uhuru aliokosa miaka thelathini. Huenda ndiyo sababu wataalamu wengi wa kike unaowaona ni kina nyanya. Si lazima iwe umri ndio uliowapa hekima. Umri uliwafungulia mlango.

Kwa nini wanawake hutumia majani na wanaume magome na mizizi?

Watu hujibu haraka kwamba gome linataka nguvu na panga. Ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni ardhi.

Katika maeneo ya Kakamega ulikuwepo mwiko ulioandikwa sana na watafiti wa miti katika miaka ya 1980: mwanamke akipanda mti atakuwa tasa, au mumewe atakufa. Kupanda mti ni kudai ardhi, na ardhi ilikuwa ya ukoo wa mume. Asiyeruhusiwa kupanda mti atashughulika na visivyoitwa miti: vichaka, magugu, mimea ya msimu. Kwa maoni yetu, hapo ndipo kivumbasi, majani ya kando ya ua na mboga za dawa zilipokuwa za mwanamke, kwa sababu hakuna mzee wa ukoo atakayegombania kivumbasi.

Tabia hiyo ilikuwa na faida isiyotarajiwa. Anayechuma majani huuacha mti hai. Anayechuna gome kuuzunguka mti anauua. Tazama muiri, Prunus africana. Mwaka 1966 daktari Mfaransa Jacques Debat alichukua hataza (haki ya pekee ya uvumbuzi) ya dawa ya tezi dume iliyotokana na gome lake, na tangu hapo tani nyingi za gome zimekwenda Ulaya kutoka milima ya Afrika, Kenya ikiwemo. Miti ilikufa kwa wingi hivi kwamba tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Ugonjwa ni wa wanaume wazee, wanunuzi ni kampuni, wachunaji ni vijana wa kiume wanaolipwa kwa kilo. Mama aliyekuwa akichuma majani ya muiri kwa ajili ya homa hakukaa kwenye kikao chochote cha bei.

Na mwiko wa kupanda? Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na vikundi vya kina mama vikaanza kuotesha miche na kulipwa kidogo kwa kila mche ulioshika. Watu husifu idadi ya miti. Sisi tunaona jambo kubwa zaidi ni kwamba mwanamke alishika mche hadharani na mumewe hakufa.

Dawa za nguvu za kiume zinazouzwa barabarani zinafanya kazi?

Mukombero, ule mzizi wa Mondia whitei unaonukia vizuri na kutafunwa kwenye foleni ya magari, hauna madhara makubwa yanayojulikana kwa anayeutafuna kidogo. Huko Magharibi unapewa pia mtu aliyepoteza hamu ya kula, lakini mjini habari hiyo imemezwa na ile nyingine.

Jihadhari na unga na vidonge vya "mitishamba" visivyo na usajili. Katika nchi nyingi bidhaa za aina hii zimepimwa zikakutwa zimechanganywa na sildenafil, dawa ya kiwandani ambayo kwa mtu anayetumia dawa fulani za moyo inaweza kushusha presha ghafla hadi kumuua. Bidhaa halali ya mitishamba Kenya husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Uliza namba.

Mke wangu ni mjamzito, na mama yangu ametuma dawa kutoka kijijini. Anywe?

Asinywe kabla ya kliniki kujua ni nini. Usimtukane mama yako. Mwombe jina la mti na sehemu iliyotumika, uandike, uende navyo. Mwarubaini haupendekezwi kwa mjamzito. Mshubiri unaharisha na unaweza kukaza tumbo la uzazi. Baadhi ya dawa za "kuharakisha uchungu" hukaza mfuko wa uzazi kwa nguvu ambayo hakuna awezaye kuipima, na hapo ndipo mfuko hupasuka.

Wakunga wa jadi wamekuwa wanawake karibu wote, na kwa miaka mingi mtaa kama Majengo pale Pumwani uliwategemea hata baada ya hospitali ya uzazi kufunguliwa jirani mwaka 1926. Tangu Juni 2013 serikali ilipoondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma, wengi wao wamekuwa wasindikizaji: wanamleta mama, wanamkanda mgongo njiani, wanambembeleza baadaye. Mkunga mzuri wa leo ndiye anayejua saa ya kuita gari.

Na mwarubaini na Artemisia kwa malaria?

Pima kwanza. Malaria ya mtoto haisubiri sufuria.

Kuhusu Artemisia, kisa chake kinahusu mada yetu moja kwa moja. Tu Youyou, mwanamke wa China, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kutoa artemisinini kwenye mmea huo. Awali timu yake ilitumia joto kali na matokeo yakayumba. Akarudi kwenye maandishi ya Ge Hong ya karne ya 4, akaona yanasema mmea uloweshwe kwenye maji na kukamuliwa, hayasemi uchemshwe. Akaacha moto mkali, dawa ikapatikana. Mti ulijulikana na kila mtu. Kilichokosekana ni namna ya kuutayarisha. Ukiandika orodha ya mimea ya Nairobi bila kumhoji anayeitayarisha, umeandika nusu ambayo haitibu.

Hata hivyo chai ya Artemisia haishauriwi na Shirika la Afya Duniani kwa malaria, kwa kuwa kiwango cha dawa ndani yake hakitabiriki na kinaweza kuwazoesha vimelea.

Mnasemaje kuhusu ile asilimia 80 ya Waafrika wanaotumia tiba asilia?

Imerudiwa kwa miongo kadhaa kila mahali. Haisemi ni dawa gani, mara ngapi, wala ni nani aliyeipika. Usiiweke kwenye insha yako.

Sheria ya Kenya inalinda maarifa haya?

Kwa karatasi, ndiyo. Ibara ya 11 na ya 69 za Katiba ya 2010 zinaitaka serikali ilinde maarifa asilia na kuhakikisha jamii zinafidiwa. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Tamaduni ya mwaka 2016 ikafuata, ikiwapa wenyewe haki ya kukubali au kukataa na kuzitaka kaunti ziweke rejista. Mkataba wa Bayoanuwai, ambao maneno yake yalipitishwa papa hapa Nairobi tarehe 22 Mei 1992, unataja katika utangulizi wake nafasi muhimu ya wanawake. Mei 2024 nchi wanachama wa shirika la miliki ubunifu la Umoja wa Mataifa zilipitisha Geneva mkataba unaomtaka anayeomba hataza aseme alikopata mmea na maarifa yake.

Ugumu unaanza kwenye neno moja linalorudiwa katika sheria hizi zote: jamii. Nani anasaini kwa niaba ya jamii? Wazee, na wazee wanaoitwa kwenye vikao ni wanaume. Na mama wa ploti mwenye dawa za makabila matatu yuko jamii gani? Rejista ya kaunti haina mstari wake. Hatuna hakika sheria inaweza kumwona mtu wa aina hiyo bila kurekebishwa, na tungependa kusikia wakili aliyelifikiria hilo.

Jambo jingine: Sheria ya Uchawi ya 1925, ya wakati wa mkoloni, iliwafanya watu waogope kukiri wanajua dawa. Kizazi cha nyanya zetu kilijifunza kunyamaza. Ukienda na daftari ukajibiwa "sijui," kumbuka hofu hiyo ina umri.

Nataka kufanya utafiti Nairobi. Nianzie wapi?

Kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ukigusa vinasaba vya mmea, kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira. Kisha idhini ya wenye maarifa wenyewe, iliyoelezwa kwa lugha wanayoielewa kabla hujawasha kinasa sauti. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, ina kituo cha tiba asilia na utafiti wa dawa, na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilicho Kasarani, ina uzoefu wa kufanya kazi na wakulima wa Kakamega waliogeuza mmea wa jamii ya kivumbasi kuwa dawa ya kuchua.

Ushauri wetu zaidi ni wa mwenendo. Usimhoji mama mbele ya mumewe, atamwachia ajibu. Usiende saa kumi na mbili jioni, ni saa ya jiko. Nenda na mtafsiri wa kike. Mlipe muda wake kama unavyomlipa mganga mwenye ofisi, kwa sababu meza yake ya mboga imefungwa unapomhoji. Na usiulize "unajua mimea mingapi". Mwombe akuonyeshe alichompa mtoto aliyeugua mara ya mwisho.

Baba yangu ni mganga. Alimfundisha kaka yangu, mimi binti yake akaniacha. Ni haki?

Si haki, ila ina mantiki yake ya zamani: binti ataolewa, ataondoka na siri ya ukoo akaitumie kwa watu wengine. Tunapokea swali hili mara nyingi kuliko unavyodhani, na karibu kila mara kaka anayetajwa anaendesha bodaboda na hana habari na mizizi. Mkumbushe baba kwamba mkwe wake hana haja na dawa zake. Wapo wazee walioona kaka hafuatilii, wakamwita binti aliyekuwa akiwatwangia dawa tangu akiwa na miaka kumi. Walipoanza kumfundisha walikuta nusu anaijua.

Nina tawi la mti nisioujua. Nani atanitajia jina?

Peleka Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki, iliyo kwenye Makumbusho ya Taifa, Museum Hill. Ilihamia Nairobi mwaka 1950 kutoka Amani, Tanzania, na ndiyo kubwa kuliko zote katika eneo hili. Usilete jani moja kwenye mfuko wa plastiki, litaoza. Leta tawi lenye ua au tunda, ukiwa umelibana kati ya magazeti makavu. Andika mahali, tarehe, urefu wa mti, rangi ya ua likiwa bichi, na jina la mmea kwa lugha ya aliyekuonyesha. Lebo za zamani zina jina la mkusanyaji, na mara nyingi huishia hapo. Yako iongezee mstari wa aliyekufundisha matumizi, kwa ruhusa yake, na useme kama ni yeye pia anayeitayarisha dawa.